Nauli ya Kurudisha Mashine

Tabora, 7 Julai 2024

Shangazi Dafrosa,

Shikamoo. Nilifika salama. Tekla alinisindikiza mpaka getini na mzigo wake wa mchele begani, akamwambia mlinzi, "Huyu haongei, lakini anasikia." Wenzangu waliokuwa nyuma walisikia, na mpaka leo wananiita Anasikia. Maji ya bwenini yanatoka asubuhi tu. Chakula si kibaya. Mwambie Amon asichore kwenye kitabu changu cha jiografia, nimekisahau juu ya kabati.

Matroni anaturuhusu dakika tatu za simu kwa mwezi. Nikishaishika ile simu nasahau yote niliyotaka kusema, kwa hiyo nakuandikia.

Alhamisi nilikuwa darasani lakini akili ilikuwa nyumbani. Tuliweka mayai kwenye mashine tarehe 13 Juni, na siku ya ishirini na moja ilikuwa hiyo Alhamisi. Siku ya saba tulipomulika kwa tochi, uliona mwenyewe, mayai hamsini na mawili kati ya sitini yalikuwa na mishipa. Vimetoka vifaranga vingapi? Mimi ndiye niliyeichagua ile mashine mtandaoni kwenye simu yako, na wewe ulitaka ya bei ndogo zaidi nikakukatalia. Niambie hata kama ni vichache.

Jambo lingine. Mwalimu Xavery wa historia atachukua wanafunzi sita kwenda Kigoma na Ujiji mwezi wa kumi, kwa treni, kufuata njia ya zamani ya misafara. Kila mmoja atasoma insha yake mbele ya wanafunzi wa huko. Mimi nimepewa mada ya wapagazi. Mchango ni shilingi elfu arobaini, mwisho tarehe 27 Septemba. Nilimwambia pesa ninayo, ile ya karanga zangu unayonitunzia. Sijawahi kupanda treni.

Msalimie mama Paskazia. Najua anasubiri vifaranga vyake.

Mwanao,
Apolinaria


Lusu, 20 Julai 2024

Mwanangu Apolinaria,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Amon, ambaye alikuwa ameshachora kitabu kabla sijamkataza. Amechora ng'ombe juu ya ramani ya Afrika Magharibi. Nimemchapa kidogo, ingawa ng'ombe mwenyewe kapendeza. Huku ni vumbi na upepo. Jumuiya imesali kwangu Jumatano, wakala mihogo yote wakasifu sala.

Kuhusu vifaranga. Hakikutoka hata kimoja. Tulingoja mpaka Jumatatu. Nilipasua yai moja nyuma ya nyumba nikalikuta limeiva kabisa, lingefaa kuliwa na chumvi kama lisingenuka. Kipimajoto cha mashine kilikuwa kinasema thelathini na saba. Fundi Mhoja alipoweka chake ndani, kikapanda mpaka arobaini na mbili. Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunapika.

Mayai ishirini yalikuwa ya Paskazia, unajua. Anapita na ndoo yake bila kugeuza shingo.

Mashine nimeirudisha Dar kwa basi tarehe 16. Jambo hilo sasa ni langu, wewe soma. Na ukienda Kigoma chukua lile sweta la bluu, wanasema ziwani kuna baridi asubuhi.

Mimi shangazi yako,
Dafrosa


Tabora, 28 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Poleni sana. Nilisoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya uji, nikatoka kwenye foleni. Nisamehe kwa kuichagua ile mashine. Picha yake ilikuwa na nyota nyingi na watu walioisifu.

Nimemaliza kurasa nne za insha. Wapagazi kutoka kwetu walikuwa wanapatana ujira kabla ya kubeba, na mizigo ilipimwa. Sikulijua hilo.

Shangazi, umeniambia nibebe sweta, lakini kuhusu pesa ya karanga hukusema. Na hukusema nauli ya kurudisha mashine imetoka wapi. Mpaka Dar, mzigo mkubwa kama ule, haiwezi kuwa ndogo. Mimi nina kile kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi, nilikichukua kukitumia kama alama ya kitabu. Kimeandikwa hivi: "Gharama ya kusafirisha bidhaa yenye kasoro itarejeshwa kwa mteja akionyesha risiti." Kwa hiyo wanatakiwa kukurudishia. Ulilipa shilingi ngapi? Risiti unayo?

Tekla hajaja sokoni Mtendeni wiki hii, naituma kwa posta, kwenye sanduku la parokia.

Apolinaria


Tabora, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Wiki tatu sijapata jibu. Tekla bado hajaonekana, wanasema anaumwa miguu. Nilikupigia kwa simu ya matroni, ikaita hadi dakika zangu zikaisha.

Mwalimu Xavery ameniuliza mara mbili kuhusu mchango. Mara ya pili aliniuliza mbele ya wenzangu.

Kwa kuwa hukunijibu, tarehe 12 nimeliandikia lile duka, kwa anwani iliyo kwenye kikaratasi, kwa Meneja. Nimeandika kwa adabu. Nimeeleza kwamba mashine tuliipokea tarehe 11 Juni, ikapika mayai, na umeirudisha tarehe 16 Julai kwa basi, na kwamba kwa maandishi yao wenyewe wanatakiwa kurejesha nauli. Nimeweka namba yako ya simu ili waitume huko. Kiasi sikukijua, nimewaambia kiko kwenye risiti ya mzigo, nao watakuwa na nakala.

Najua ulisema jambo ni lako. Lakini aliyeichagua ni mimi.

Apolinaria


Lusu, 22 Agosti 2024

Mwanangu Apolinaria,

Ya tarehe 28 Julai nimeipata leo tu. Katekista aliiweka ndani ya kitabu cha ubatizo akaisahau. Samahani kwa simu, Amon aliificha kwenye gunia la pumba akicheza, ikakaa humo siku tatu ikiita. Tekla ameanza kutembea, ndiye atakayekuletea hii. Mume wake amepaka nyumba chokaa, anadhani hatujui kuwa anataka kugombea.

Sasa tuzungumze. Nauli ilikuwa elfu thelathini na nane. Nilitoa kwenye pesa yako ya karanga. Mwenye basi hakutaka ahadi na mimi sikuwa na kuku wa kuuza. Nilipanga kuirudisha kabla hujaiuliza, ndiyo maana nikakuandikia habari za sweta. Nisamehe. Tarehe 27 ya Septemba bado, nitaitafuta.

Ila kuidai kwa lile duka, hapana. Nisikilize vizuri. Nilipowapigia simu, aliyepokea alikuwa kijana anaitwa Saidi, yule yule aliyetutumia mashine. Akaniambia kwa upole, "Mama, pole, lakini siku za dhamana ni kumi na nne na zako zimeshapita." Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Kisarawe. Mzaramo huyo, mtani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Basi nikambadilikia. Nilimtumia ujumbe wa sauti: "Mzaramo we, umeniuzia jiko ukaliita kuku. Nipe mashine nyingine. Na nauli ya kukuletea hili jiko lako nakuachia, kanunulie sanda, maana nikija huko nakuzika."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kizee wewe, nauli nimekula, mashine nakuletea ili ufe umeshiba mayai." Na kweli, tarehe 5 ikafika, mpya, kwa gharama yao. Nimeweka mayai tarehe 8. Mhoja ameipima kwa kipimajoto chake asubuhi na jioni, iko sawa.

Wewe umesoma lakini mambo haya hukuyapenda tangu mdogo. Mtani anachokiacha kwa utani hakirudi kudaiwa. Ukikidai umemwambia yeye si mtani wako, ni muuza duka tu. Na kwa muuza duka sikuwa na haki ya mashine.

Dafrosa


Tabora, 1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Ukiisoma ya kwangu ya tarehe 18, kama imefika, utaelewa kwa nini sikulala vizuri.

Nimesoma tena kile kikaratasi. Mstari wa siku kumi na nne upo, juu kabisa. Niliuona tangu mwanzo. Nilidhani hata ukiirudisha wakati wowote haijalishi, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mstari wa nauli. Halafu nikaandika tarehe zote mbili kwa mkono wangu, 11 Juni na 16 Julai. Siku thelathini na tano. Yeyote akihesabu ataona.

Lakini na wewe, shangazi. Ungenieleza Julai kwamba pesa yangu umeitumia, nisingeandika kokote. Nilikuuliza, ukaniambia habari za baridi ya ziwani. Mimi siyo Amon. Na utani siyo risiti. Ulimwachia mtu pesa ambayo haikuwa yako.

Nimeandika sentensi hii ya mwisho nikaikata, nikaiandika tena. Naiacha.

Jana niliomba ruhusa niende posta kuuliza kama barua inaweza kurudishwa njiani. Yule mama wa dirishani alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwanangu, hiyo imeshaliwa na Dar."

Apolinaria


Lusu, 16 Septemba 2024

Apolinaria,

Marahaba. Tuko wazima. Vifaranga vimetoka arobaini na kimoja. Paskazia amechukua vyake kumi na vinne, akakaa kidogo, akanywa maji.

Hiyo sentensi yako uliyoikata ukairudisha ni ya kweli. Nimeisoma nikaiweka.

Jumatano simu iliingiza ujumbe. Elfu thelathini na nane, kutoka kwa meneja mwenyewe. Ameandika: "Marejesho ya gharama za usafirishaji, asante kwa kutuamini."

Jioni Saidi akapiga. Aliniambia shikamoo. Mtani hanipi shikamoo, Apolinaria, ananiuliza nimezikwa lini. Nikamtania, akarudia shikamoo. Nikamtania tena, akasema, "Mteja, naomba unisikilize." Aliniita mteja. Akasema meneja alisoma barua, akafungua daftari, akaona mashine mpya imetolewa kwa ile iliyorudishwa baada ya siku thelathini na tano, bila idhini yake. Sasa mashine yote wanamkata kwenye mshahara, kidogo kidogo, mpaka Mei. Na hiyo nauli wameanza nayo, imekatwa yote mwezi huu. Hakunilaumu. Alitaka tu kujua, huyo Apolinaria Kidato cha Tatu ni nani.

Nikasema ni mtoto wa kaka yangu marehemu. Akasema, "Anaandika vizuri." Akakata.

Pesa anakuletea Tekla. Nimeongeza elfu mbili, ni arobaini kamili, ya karanga zako. Nenda Kigoma. Siamuru chochote zaidi, maana mara hii pesa ni yako kweli.

Dafrosa


Tabora, 22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kwa vifaranga, na kwa mama Paskazia kunywa maji.

Tekla alinipa bahasha jana saa nne. Mwalimu Xavery alikuwa ofisini anasahihisha. Nilisimama mlangoni na bahasha mkononi, akasema, "Karibu, Apolinaria, umeleta?" Nikasema nimeleta, halafu nikasema hapana. Akaweka kalamu chini. Nilijaribu kumweleza. Nilianza na mayai. Nadhani hakuelewa yote, lakini aliniacha nimalize, na sikumbuki kama nimewahi kuongea muda mrefu hivyo mbele ya mwalimu. Mwishoni aliuliza, "Na insha je?" Nikamwambia imekamilika, nitampa Jenifa aisome, yeye ndiye anayenifuata kwenye orodha na sauti yake inafika nyuma.

Namba ya Saidi ilikuwa nyuma ya kikaratasi, aliiandika kwa kalamu. Matroni amenisaidia kumtumia elfu thelathini na nane. Nimemwambia aandike tu: "Nauli yako. Kutoka kwa aliyeandika barua." Mashine siwezi kuilipa.

Kwa hiyo nimemwandikia tena meneja. Nakunakilia sehemu yake, ili safari hii ujue nilichosema:

"Yai la kuku hutotoa kwa siku ishirini na moja. Dhamana yenu ya mashine ya kutotolea ni siku kumi na nne. Hakuna mteja anayeweza kujua ndani ya siku kumi na nne kama mashine inatotoa, hata akiwa makini namna gani. Sisi siku ya saba tulimulika tukaona uhai. Kwa hiyo kwa mashine hii dhamana yenu ni kama haipo, na Bwana Saidi ndiye pekee aliyeifanya iwepo. Kama kuna wa kukatwa, na akatwe aliyepanga siku hizo kumi na nne."

Mstari wa mwisho niliogopa kuuweka. Matroni alisema nisiufute.

Sijui kama nimerekebisha au nimeharibu zaidi. Mara ya kwanza pia nilidhani nafanya vizuri. Sikujua kuwa pesa ingetoka mfukoni mwa mtu. Nilifikiri duka ni duka.

Nisamehe kwa lile neno.

Apolinaria


Tabora, 13 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua ya kwanza imenyesha, ndogo, ya kulaza vumbi.

Wenzangu wameondoka jana jioni. Nilimsaidia Jenifa kubeba begi mpaka getini. Alinisomea ukurasa wa kwanza wa insha tukiwa tunatembea, kwa sauti, na mlinzi akasimama kusikiliza. Nimerudi bwenini nikafua sare zote, hata zilizokuwa safi.

Umesikia chochote kutoka Dar? Mimi sijajibiwa. Ukisikia, hata kama ni kibaya, usiniandikie habari za baridi.

Apolinaria


Lusu, 24 Oktoba 2024

Mwanangu Apolinaria,

Marahaba, marahaba tena. Amon ana surua lakini anaendelea vizuri. Paskazia amekuja na mayai thelathini, safari hii amenipangia masharti kama wakili. Tumelima upande wa kisima, na mistari mitano nimekutengea ya karanga.

Sikuandikii habari za baridi. Jumanne nilikuwa nachambua mchicha uani, Paskazia yupo, Mhoja yupo, simu ikaita. Nikaona ni Saidi. Nikamwambia Mhoja apokee yeye. Mhoja akabonyeza sauti ya nje kwa makosa, tukasikia wote.

"Kizee cha Lusu hujafa tu?"

Nikakaa chini kwenye mchicha.

"Nyie Wanyamwezi mmechoka kubeba pembe, sasa mnabeba barua? Ya kwanza imenila mshahara, ya pili imenitapikia. Na huyo mtoto wenu anayeandika kama hakimu, mwambie mimi nikifa asije msibani, atadai risiti ya jeneza."

Mhoja alicheka mpaka akatoka nje ya ua. Nilimuuliza Saidi kumetokea nini, akanieleza kati ya matusi. Meneja alikaa na barua yako siku tisa. Halafu akamwita, akamuuliza yai linatotoa kwa siku ngapi. Saidi akasema ishirini na moja. Akauliza, "Na wewe ulilijua hilo siku zote?" Saidi akasema kila mtu analijua. Meneja akawa mwekundu, maana yeye hakulijua. Makato ya mashine yamefutwa. Ya nauli yalishakatwa na hayarudi, ila Saidi amesema nauli ameipokea kwako na hairudishi ng'o, ameshainunulia sanda, nzuri, ya mikono mirefu, anakusubiri uje uione.

Vikaratasi vipya vinachapwa. Kwa mashine za mayai, siku thelathini.

Kigoma hukwenda, mwanangu, na hilo siwezi kulifuta kwa utani. Nimelilia kidogo, peke yangu.

Saidi alitukana karibu nusu saa, kwa salio lake mwenyewe. Alipochoka akauliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Paskazia aliziba masikio ya Amon. Nilichomjibu sikiandiki hapa, kwa sababu Tekla kaniambia barua zenu matroni anazisoma kwanza.

Shangazi yako,
Dafrosa